Aliyekaza Hatii Rangi

Shikamoo, wifi.

Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana nikisema niisubiri ya kwako chakula kitaungua jikoni. Nimekaa chumba cha ufundi, kwenye kiti chako cha saluni, kile kinachozunguka, ulichokataa kukigawa ulipofunga saluni ukasema hata fundi naye ana makalio. Mezani kuna kalamu na chai iliyopoa. Usiniulize hali. Nimechoka, wifi, uchovu ule ambao mtu analala nao na kuamka nao. Watu wakiniuliza nawajibu nzuri, tunamshukuru Mungu, tunasukuma siku. Wewe hukuwa mtu wa kujibiwa hivyo. Ungenitazama tu, halafu ungesema, "Hiyo nzuri yenyewe mbona siioni usoni?"

Basi nakupa habari kama zilivyo. Arobaini yako tuliisoma, watu wakajaa mpaka wengine wakakaa barazani kwa jirani. Mama yenu tumemleta hapa Makole, hatukuweza kumwacha Kondoa peke yake na kitanda chako. Anashinda uani anachambua mchele ambao nimeshauchambua. Akimaliza ananiuliza kama mume wangu Iddi amekula. Nikisema amekula, anaenda kumuuliza Iddi mwenyewe. Simlaumu, amezika mtoto. Ila kuna siku natamani ungekuwepo umwambie yale ambayo mkwe hawezi kumwambia mama mkwe, ulivyokuwa unayasema wewe, kwa kucheka, na akacheka naye.

Na ndege yetu imeanguka.

Usishtuke, hakuna mtu aliyeumia. Ilianguka Mpunguzi, kwa Mama Nyemo, yule mjane mwenye mizabibu iliyopakana na korongo, aliyekuwa hakuachi uondoke kwake bila kula mlenda. Mvua za safari hii zimekuja za kurukaruka, leo inanyesha, kesho jua kali, na ule ukungu wa ubwiri unga umeingia mashambani. Kwake majani yamekuwa kama yamechekechewa unga wa ugali, na zabibu ndiyo kwanza zinatunga. Akampigia Iddi simu. Iddi akapakia droni na dawa kwenye pikapu, akaenda. Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu uondoke.

Unajua kazi yetu ilivyokuwa. Mdogo wako anarusha, mimi mkewe natengeneza, wewe unatembea. Watu walidhani wewe ndiye huna kazi. Kumbe kabla ndege haijanyanyuka ulikuwa unachomoa kandambili zako nyuma ya kiti cha pikapu, unaingia shambani, unapita mstari kwa mstari. Unamuuliza mwenye shamba habari za wajukuu, za ng'ombe, za mkwe aliyekimbia, halafu katikati ya umbea huo unatupia swali lako: "Na ndege wa huku mnawafukuzaje?" Maana kila mkulima wa zabibu ana mbinu yake. Huyu anatundika makopo, yule anavalisha mti koti. Mama Nyemo yeye anafunga tepu za kaseti kuukuu kutoka nguzo hadi nguzo. Upepo ukipita zinavuma, na ndege wanaogopa kutua. Ukisimama mbali huzioni. Ukitembea zinakugusa usoni, unaziona zote.

Iddi hakutembea. Alisimama nyuma ya pikapu akarusha kutoka hapo hapo. Ndege ilifika mstari wa tatu au wa nne, tepu ikanasa kwenye propela ya mbele, ikajiviringisha kwenye mota, ndege ikapinda, propela ikapiga nguzo. Ikaanguka na tangi la dawa likiwa nusu.

Nilimuuliza kwa nini hakutembea. Nilimuuliza kwa ukali, sitaki kukudanganya, mdomo wangu unaujua. Ndipo akaniambia. Alipofika, Mama Nyemo alitoka na kanga yake begani akichungulia kwenye pikapu, akauliza, "Zaituni yuko wapi leo?" Hakuwa na habari. Na mdogo wako, wifi, mwanaume mzima mwenye ndevu, akamjibu kwamba umesafiri. Akiisha kusema hivyo angeingiaje kwenye mistari na yule mama, waanze kuulizana habari za wajukuu na za mkwe? Kila hatua angeulizwa habari zako. Ndiyo akaona heri asimame mbali arushe.

Nilikwenda kumwagia maji miche yako ya mchicha, ambayo kwa taarifa yako inakufa, mimi na mchicha hatujawahi kuelewana.

Aliirudisha ndege imefunikwa turubai. Akaiingiza chumba cha ufundi, akafunga mlango, akaja kukaa uani karibu na mama yake. Alisema maneno machache tu: "Hiyo imekwisha. Kuna mtu Morogoro anaitaka kwa vipuri. Nitarudi kuendesha magari ya watu." Mama akaendelea kuchambua mchele. Nilitaka kumwambia kwamba droni ya dawa haifi kwa kupiga nguzo moja, kwamba nimeshaifufua kutoka mahali pabaya zaidi. Ila ukweli ni kwamba na mimi nilifurahi mlango ule ulipofungwa, maana sikutaka kuifungua ile ndege. Si kwa uvivu. Ni kwa sababu ya rangi yako.

Unakumbuka ilivyoanza? Mwaka ule wa kwanza skrubu za mota zilikuwa zinalegea kwa mtetemo, na hatuoni mpaka mota ichezecheze. Nikakwambia mafundi wa ndege huwa wanachora mstari kutoka kichwa cha skrubu mpaka kwenye bati, ili skrubu ikizunguka hata kidogo mstari ukatike, jicho lione. Nikasema tatizo hatuna rangi inayoshika. Ukainuka bila neno, ukarudi na boksi la rangi za kucha zilizobaki saluni. Ukachagua ile nyekundu iliyoiva, damu ya mzee. Mimi nikakutania, nikasema kumbe ulikuwa umeificha upake mwenyewe, usubiri mchumba. Ukanijibu huku umeshainama, "Kucha zangu zinasali, wifi. Skrubu hazina udhu." Nilicheka mpaka nikadondosha bisibisi. Wewe hukucheka, ulikuwa unachora. Mkono uliochora kucha za maharusi wa Makole nzima: mpigo mmoja, mstari umenyooka.

Na sheria ukaiweka siku ile ile. Mimi nikikaza, wewe unapita na bisibisi yako unajaribu kila skrubu, ndipo unatia rangi. Siku moja ulichelewa sokoni nikashika chupa nichore mwenyewe, ukaingia ukaninyang'anya kama mtoto aliyeshika kisu. "Aliyekaza hatii rangi," ukasema. "Mkono uliokaza hauwezi kujishuku." Nilinuna. Halafu nikazoea, mpaka ikawa nikikaza skrubu ya mwisho nakuita tu "wifi, rangi," hata kama umelala.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu.

Siku tulipokuosha kule Kondoa nilikuwa mimi, shangazi yako na yule bibi muoshaji. Mimi Mgogo wa Kongwa, niliyefundishwa kusali na wewe, nilisimama pale nashika ndoo. Yule bibi akafika mkono wako wa kulia akasimama. Akasema kwa upole, "Hapa kuna rangi. Lazima itoke, maji yafike kwenye ukucha." Ilikuwa kwenye kidole gumba, tone dogo la damu ya mzee. Nililijua tone lile. Lilikudondokea ulipokuwa unachora mkono wa nyuma wa kulia wa ndege, kazi yetu ya mwisho, ukasema utalifuta ukimaliza, kisha kichwa kikaanza kukuuma. Kesho yake presha ikakuangusha, na kutoka hospitali hukurudi. Mimi ndiye mwenye asitoni ya kufutia rangi kwenye mkoba, kwa sababu ya kazi. Nikatoa pamba. Nikalifuta, wifi, kwa mikono yangu. Nilitaka kuwaambia wale wamama kwamba huyu hakuwa anapaka kucha, hii ni kazi, huyu alikuwa fundi. Pamba ikawa nyekundu, tukaendelea.

Tangu siku ile nikisikia harufu ya asitoni natoka nje. Na kuifungua ndege ni kufuta mistari yako yote, kwa asitoni ile ile na pamba. Kwa hiyo niliacha mlango umefungwa. Nilipika, nilifua, nilienda vikao vya shule. Nilimwacha mume wangu akae uani aitwe na mtu wa Morogoro.

Aliyenitoa kwenye hali ile ni Mama Nyemo. Alipiga simu yangu, si ya Iddi. Nilijua atalalamikia tepu zake zilizokatika, nikajiandaa kuomba radhi. Akasema, "Mwanangu, tepu nitatafuta nyingine. Nauliza ndege tu. Majani yanazidi kuwa meupe." Akaniambia ameanza kupuliza mwenyewe kwa bomba la mgongoni, amefika mistari michache mgongo ukakataa, amelala. Mizabibu ile ndiyo ada za wajukuu zake, unajua mwenyewe. Halafu akaongeza, "Zaituni akirudi safari mwambie anisalimie." Nikasema nitamwambia. Haya, nimekwambia.

Nikachukua ufunguo nikaingia.

Kulinuka dawa na vumbi. Betri niliitoa kwanza, kama ulivyokuwa unanikumbusha hata nikiwa nimeshaitoa. Nikaiosha ndege dawa, nikaikausha. Nikaanza na mbele, pale ilipopiga. Propela zote mbili za mota ile zimevunjika, hazina mjadala. Tepu ilikuwa imejisokota shingoni mwa mota kama nywele kwenye brashi, nikaichomoa kwa kile kibano chako cha nyusi, utepe kwa utepe. Sijui ilikuwa kaswida, kwaya au dansi. Nilijikuta nakuuliza kwa sauti, kama ungekuwepo ungebishana ni kaswida.

Nikaizungusha mota kwa kidole. Ilikuwa inakwaruza, na shafti imepinda. Nikagonga mkono wa mbele kwa sarafu kuanzia mwilini kwenda nje, sauti ikawa kali, kali, kali, halafu karibu na mota ikawa butu. Mkono umepasuka ndani, kwa nje hauonyeshi kitu. Nikauondoa wote na mota yake, nikachukua wa ndege yetu ya kwanza, ile tuliyoifanya spea na wewe ukawa unaiita marehemu.

Propela zilizobaki nilizipitisha pamba kwenye kingo, taratibu, mbele na nyuma. Mahali pamba inaponasa nyuzi ndipo kwenye ufa. Moja ikanasa, nikaitupa na pacha wake. Huko mbele mistari yako nilikuwa nimeshaifuta, nilifuta haraka nikiwa nimebana pumzi. Mikono miwili mingine nayo nikaifungua, nikaisafisha, nikairudisha. Ukabaki ule wa nyuma kulia.

Huo uko mbali kabisa na nguzo. Mota yake inazunguka laini, sarafu inasema vizuri, propela hazina kitu. Skrubu zake zina mistari ya siku ile, ya mwisho, na kwenye moja kuna kialama pale rangi ilipomwagika ikakudondokea kidoleni. Nikajiambia mkono huu haukuguswa. Kuuacha si dhambi. Hata daktari hapasui mguu usiouma. Nikautupia kitambaa juu nisiutazame, nikaanza kukusanya vifaa. Nilikuwa nimeridhika, wifi, kama mtu aliyeiba kitu kidogo na hakuna aliyeona.

Halafu nikafikiria usingekubali. Usingekubali hata dakika. Nikaondoa kitambaa, nikachukua brashi nikaondoa vumbi, nikainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Mistari mitatu imenyooka. Wa nne, ule wenye kialama, umekatika. Upana wa unywele tu. Nusu iko kwenye kichwa cha skrubu, nusu iko kwenye mkono, na hazitazamani tena. Mshtuko wa nguzo ulipita mwili mzima ukaenda kuilegeza skrubu ya upande wa pili. Ningeiacha, ndege ingeruka na dawa imejaa, mota ingechomoka juu ya kichwa cha mume wangu.

Mistari ile niliyotaka kuitunza ndiyo iliyoniambia niifute.

Nililia. Siku ya maziko sikulia, nilikuwa na mambo ya vyombo na wageni. Nikalia siku hiyo kwenye kiti chako, kwa sauti, bila haya, mpaka mama akaja kusimama mlangoni na ungo wake. Nilidhani atauliza kama Iddi amekula. Akauliza, "Ni kazi yake hiyo?" Nikamwonyesha mstari uliokatika, nikamweleza unavyofanya kazi. Akaweka ungo chini, akapitisha kidole juu yake, polepole, kama anavyokagua mshono. Akasema, "Basi fanya alivyokufundisha." Akakaa palepale mlangoni mpaka nilipomaliza. Nilipokuwa nafuta, pamba zilizokwisha alizichukua yeye akazifumbata mkononi. Sikumuuliza amezipeleka wapi.

Nikatia gundi ya skrubu, nikakaza zote, mkono mmoja baada ya mwingine. Nikajaribu mota bila propela, zote nne zikaimba sauti moja. Nikashika chupa yako, ikawa imekauka, brashi imegandia ndani. Na hata kama isingekauka, mimi ndiye niliyekaza.

Nikatoka uani nikamwambia Iddi, "Nimekaza. Haijatiwa rangi."

Akasema bila kuinua uso, "Si utie mwenyewe."

Nikamwambia, "Aliyekaza hatii rangi."

Alinitazama kama nimemtukana. Akainuka, akachukua ufunguo wa pikapu, akatoka. Nikasikia gari linakwenda. Mama akasema anakwenda kumalizana na mtu wa Morogoro, mimi pia nikaona hivyo, nikaenda kubandika maji ya ugali. Nilikuwa nimechoka hata kukasirika.

Alirudi alasiri na mfuko mdogo wa karatasi. Alikuwa amekwenda mjini kwa Mama Shirin, kwenye lile duka la vipodozi ulikokuwa unanunua vitu vya saluni. Anasema Mama Shirin alimuuliza rangi ni ya mke au ya binti, akamjibu ni ya skrubu, yule mama akafikiri amechanganyikiwa kwa msiba, akampa na pipi. Alikuwa anajaribu kucheka akisimulia, kicheko hakikufika. Akatoa chupa. Ilikuwa ya waridi, wifi. Waridi ya kung'aa, ile uliyokuwa unasema ni ya maharusi wasiojua wanaolewa na nani.

Nikamuuliza kama damu ya mzee haikuwepo.

"Ilikuwepo," akasema.

"Sasa?"

"Ile ni yake."

Akapita akaingia chumba cha ufundi. Tangu aifungie ndege mle hakuwa ameingia. Nilisimama mlangoni pamoja na mama, tukiwa tumebanana kama watu wanaochungulia ngoma. Akachukua bisibisi yako, ile yenye mpini uliofungwa uzi, akajaribu skrubu moja moja kama alivyokuona ukifanya. Kwenye mkono wa mbele, ule mpya, akasimama. Akaniangalia. Skrubu ilikuwa inazunguka. Niliikaza na machozi bado machoni, sikuifikisha mwisho na sikujua. Akaikaza, nikaja nikaijaribu mimi, ndipo akaitia rangi. Unaona mambo yako?

Mstari wa kwanza ulikuwa kama mtoto aliyejipaka wanja wa mama yake. Wa pili umemwagikia kwenye mota, tukaufuta. Kufika mkono wa nyuma kulia alikuwa ameanza kunyooka, na hapo ndipo akalia, huku anachora, bila kuacha. Mama hakumuuliza kama amekula. Alimshikia chupa.

Asubuhi tulikwenda Mpunguzi wote watatu, na mama mbele kwenye pikapu amekumbatia mkoba wake. Mama Nyemo alitoka ameshika kiuno kwa maumivu, akauliza kama umerudi safari. Iddi alivuta kiti cha pikapu, akachomoa kandambili zako, akavaa. Visigino vyake vilining'inia nje nyuma. Akamwambia, "Mama, twende tutembee kwanza." Wakaingia kwenye mistari. Mimi na mama yako tulibaki tunawatazama wakitokea na kupotea kati ya majani meupe. Hatukusikia alichosema. Tulimwona tu yule mama amesimama, kisha ameketi chini kwenye udongo kati ya mizabibu, kisha sauti yake ikatufikia, ya Kigogo, ile ya msibani ambayo mama yako haijui na mimi naijua tangu utotoni. Mama yako akashuka akaenda kukaa naye. Hawana lugha moja ya kulilia, ila walikaa.

Baadaye Mama Nyemo mwenyewe ndiye aliyezifungua tepu, nguzo moja baada ya nyingine, akizizungusha mkononi kama uzi wa kufuma. Iddi akapita mara ya pili kuhakikisha. Akaniuliza kama rangi imekauka. Nikamwambia imekauka. Akarusha.

Ilinyanyuka sawa, wifi. Ilisimama hewani imetulia, ikaingia mstari wa kwanza, dawa ikashuka kama umande. Nilikuwa nimeshika kiti cha pikapu mpaka vidole vikafa ganzi. Ilikwenda ikarudi, ikajazwa, ikaenda tena, mpaka shamba likaisha. Iliposhuka nilikwenda nikapiga magoti nikaitazama mistari yote. Waridi mbaya, imepinda, imevimba, na yote ni mizima.

Mtu wa Morogoro ameambiwa atafute kwingine. Mlenda tuliula, tena safari hii tuliula kabla ya kuulizwa.

Sikuahidi kwamba sitachoka, maana nimechoka hata sasa na kesho kuna shamba Hombolo. Sikuahidi mchicha. Nakuahidi hili moja: nitakaza, na sitatia rangi. Hata siku Iddi akiwa hayupo, hata tukiwa na haraka, hata skrubu ikiwa moja, nitamwita mtu mwenye mkono mwingine aje anishuku. Mungu akufanyie huko wepesi ambao hukuuona huku, na akupe jirani mwenye maneno.

Kandambili zako zimerudi nyuma ya kiti. Zina udongo wa Mpunguzi, hatukuzifuta, kesho anazivaa tena.

Ni mimi wifi yako,
Mariamu